Baridi ya Kisumu

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo bado naikumbuka vizuri, ingawa nyingi zimenitoka kichwani. Ilikuwa Kisumu, mchana, jua limewaka mpaka mabati yanalia. Mimi nilikuwa ndani ya chumba chetu cha kupanga, nimefunga mlango na dirisha, nimewasha jiko la makaa, na karibu na hilo jiko nimemlaza mtoto wetu wa kwanza, Chebet, nikamfunika blanketi mbili. Nilikuwa namtibu baridi.

Mwanangu, unayesoma haya ukiwa katika mji usioujua, nivumilie nikueleze polepole. Hadithi hii haikuwa yangu. Mwenye kuisimulia alikuwa mke wangu, Mama Chebet, na kila alipoisimulia watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Mwaka huu tulimzika. Majani chai yalikuwa mengi wakati huo, na wanawake walitoka mashambani wakaja na vikapu vyao mgongoni mpaka kaburini. Sasa nimebaki na hadithi zake, na mimi sijui kuchekesha watu. Nitaisema tu ilivyokuwa.

Naiandika kwa sababu ya Cherono, kitinda mimba wetu, ambaye amepata kazi Mombasa. Juzi alipiga simu akaniambia, "Baba, mimi nitarudi. Huku sijui mtu, na joto hili linanimaliza. Nikirudi hata wewe utapata wa kukupikia." Sikumjibu vizuri. Kwenye simu maneno yangu huisha haraka. Nilimwambia avae nguo nyepesi, kisha nikauliza kama amekula, na ikawa basi. Kwa hiyo jibu lenyewe ni hili, na kama wewe si Cherono lakini umehama kama yeye, lichukue pia.

Nilizaliwa upande wa Kabianga, kwenye vilima vya chai. Baba yangu alikuwa mchumaji wa chai, na mimi nilichuma baada ya kuacha shule darasa la saba. Nilipooa na kupata mtoto, mtu wa kanisani kwetu alinitafutia kazi katika ghala la sukari Kisumu. Ukishuka kutoka kwetu kwenda kule hata nusu siku haiishi, lakini unafika mahali ambapo hakuna unachokijua. Kwetu ukungu huamka na wewe. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, tena mara nyingine na mawe yake, kwa hiyo kazi ya maana hufanywa asubuhi. Kule hakuna aliyeharakisha kitu kwa sababu ya mvua.

Mimi niliendelea kuharakisha. Siku za mapumziko, ikifika saa tisa, nilitoka nje nikaanua nguo zote kwenye kamba, zilizokauka na zisizokauka, na kuingiza makaa ndani. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, walitoka kunitazama. Kijana mmoja aliuliza, "Mzee, kwani umeonyeshwa nini?" Mke wangu aliniambia taratibu, "Baba Chebet, angalia juu. Mvua yenyewe iko wapi?" Nilijua haiko. Mikono ndiyo haikujua.

Mambo kama hayo ni ya kuchekesha, na ndiyo mke wangu aliyoanza nayo kila mara. Lakini kulikuwa na mengine. Tulipohamia, jirani yetu wa ukuta mmoja alituletea sahani ya samaki. Alikuwa mama mtu mzima, mshonaji, cherehani yake imekaa mlangoni. Sisi samaki hatukuwa tumezoea. Mke wangu alikula, akatoa mifupa mdomoni mmoja mmoja kama mtu anayechambua mboga, kisha akaenda kumshukuru. Mimi nilitoka nje nikasimama mpaka harufu iishe. Tangu siku hiyo nikawa nampita yule mama kwa kuinamisha kichwa. Sikumchukia. Lugha yake sikuielewa, na Kiswahili changu kilikuwa cha mashambani, nikaogopa kusema vibaya, halafu muda ukapita, nikaona aibu kuanza.

Mke wangu alikuwa tofauti. Ndani ya miezi michache alijua kusalimia kwa Kijaluo, alijua saa ya kununua mboga, alijua kumwaga maji sakafuni mchana ili chumba kipoe. Alinunua neti, akaifunga juu ya kitanda, akaniambia ni kwa ajili ya mbu. Nilimwambia kwetu tunalala bila kujifunga kama kuku wa kupelekwa sokoni. Alicheka, lakini neti haikutoka.

Kisha ikaja habari kwamba mama yake huko Sigowet ni mgonjwa. Alienda, akaniachia Chebet, ambaye alikuwa ameshaacha kunyonya; saa zangu za kazi angekaa na binti wa mpangaji mmoja. Mlangoni alisema, "Alale ndani ya neti. Na ukishindwa na kitu, muulize mama wa hapo," akaonyesha mlango wa mshonaji. Nikasema sawa.

Usiku wa kwanza mtoto alitokwa jasho ndani ya neti. Nikamwonea huruma, nikaikunja, nikaitundika kwenye msumari apate hewa. Ikakaa hapo karibu wiki mbili.

Siku ninayokuambia, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa sababu Chebet aliamka bila nguvu. Ilipofika mchana akaanza kutetemeka. Meno yaligongana, vidole vikawa baridi. Na mimi, mwanangu, hapo nilitulia, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimeona kitu ninachokijua. Kwetu mtoto akitetemeka ni mvua imempata. Unamleta karibu na moto, unamfunika, unampa maziwa ya moto, unangoja jasho. Mama yangu alinifanyia hivyo, na mama yake alimfanyia yeye. Malaria tulikuwa tumeisikia, hata ilipita kwetu miaka mingine, lakini baridi ndiyo tuliyoishi nayo. Basi nikafunga dirisha, nikawasha jiko.

Maziwa aliyatapika. Baadaye akaacha kutetemeka, akafumba macho, nikaona dawa inafanya kazi.

Mlango ukagongwa.

"Baba Chebet. Mtoto ako wapi? Sijamsikia tangu asubuhi."

Ilikuwa sauti ya mshonaji. Nilijibu kwa ndani, "Ako na baridi kidogo, mama. Nimemfunika."

"Ako na nini?"

"Baridi."

Akagonga tena. "Baridi gani Kisumu hii? Fungua."

Nilifungua. Joto la chumba lilimpiga usoni akarudi nyuma hatua, halafu akaingia. Alizitupa blanketi chini, akaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, akanitazama. "Wewe baba, unapika mtoto?" Hakupaza sauti. Aliondoa jiko mwenyewe akalitoa nje, akafungua dirisha, akachovya leso yake kwenye ndoo, akaanza kumpangusa Chebet mwili mzima. Mimi niliokota blanketi moja, nikasimama nayo katikati ya chumba.

"Weka hiyo kitu chini," akasema. "Chukua pesa ya hospitali. Twende."

Alimfunga mtoto mgongoni, tukatoka mbio mpaka wanaposimama vijana wa baiskeli za kubeba watu. Yeye na mtoto walipanda moja, mimi nyingine nyuma yao. Njiani nikaona shingo ya Chebet imekakamaa na mkono unarukaruka. Nikamwambia kijana wangu aendeshe mbio zaidi. Akaniambia, "Mzee, hii si ndege." Nilikuwa namfikiria mke wangu kule Sigowet, anamnywesha mama yake uji, hajui kitu. Nilikuwa najaribu kupanga maneno nitakayomwambia, na kila nilipoanza nilikwama kwenye jina la mtoto.

Hospitalini walimpokea haraka. Walimtoboa kidole, wakasema malaria, tena ya nguvu, wakamtundikia maji. Muuguzi aliuliza, "Nani alimfunika?" Mshonaji akajibu kabla yangu: "Ni babake. Lakini msimpigie kelele. Hawa ni watu wa majani chai. Kwao mtoto akitetemeka ni mvua." Muuguzi akacheka kidogo, akaendelea na kazi. Mpaka leo sijasahau jinsi yule mama alivyonifunika mbele ya watu.

Tulipobaki wawili kwenye benchi, hakunifunika tena.

"Jina langu ni nani?" akaniuliza.

Nilifikiria. Nilimjua kama mama wa cherehani. Nikasema sijui.

"Tumelala ukuta mmoja tangu mlipokuja. Nikikohoa unasikia. Mimi naitwa Dorina." Alivua kiatu akakung'uta mchanga. "Bibi yako ananiuliza mambo mpaka nachoka. Leo anataka kujua unga, kesho anataka kujua mbu. Wewe unapita mlangoni kwangu kama mtu anaharakisha basi. Basi gani? Si umeshafika?"

"Nimekosa, mama."

"Hukukosa. Hukuuliza. Baridi ya kwenu unaijua wewe, mimi siijui. Nikija kwenu nitakufa na hiyo mvua kama hakuna mtu wa kuniambia. Sasa huku ni kwangu. Uliza mimi. Hata kama ni swali la ujinga, uliza, nitacheka, halafu nitakujibu."

Tulikaa hapo mpaka jioni, na usiku pia hakuondoka. Alikuwa ameacha nguo za watu zimekatwa nusu mezani, na hakuzitaja. Kulipokucha kesho yake Chebet alifungua macho, akaomba maziwa kwa lugha yetu. Dorina hakuielewa, akaniangalia. Nikamwambia, "Anataka maziwa." Akasema, "Basi baba, hilo unalijua. Enda utafute."

Mke wangu alirudi mtoto akiwa bado wodini na Dorina. Nilimngoja mlangoni pa chumba chetu, nikamwambia yote bila kupunguza, ya neti, ya jiko, ya blanketi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mkoba. Kisha akauliza, "Nani alikuwa na wewe?" Nikasema, "Dorina." Aliniangalia sana. Alikuwa hajawahi kunisikia nikitaja jina la mtu wa mji ule. Akasema, "Kwa hiyo sasa umehamia," tukaenda hospitalini.

Tuliishi Kisumu miaka mingi baada ya hapo, kabla ya kurudi nyumbani. Sitakudanganya kwamba niliupenda mji wote. Omena, wale samaki wadogo wa ziwani, walinishinda, na mchana wa Februari ulinishinda. Lakini niliuliza. Niliuliza dirisha gani lifunguliwe saa ngapi, nikauliza wanavyosalimia mtu mzima, nikauliza homa hii ni ya kungoja au ya kukimbia. Walicheka Kijaluo changu, nikaendelea kukisema. Dorina alizeeka akarudi kijijini kwao, na alipofariki tulienda kumzika, mimi na Mama Chebet na Chebet mwenyewe, ambaye sasa ana watoto.

Mwanangu, ninachotaka kukuambia si kikubwa. Huzuni ya kuhama ni huzuni ya kweli, usiionee aibu. Mtu anayesema hakupakumbuka nyumbani siku za kwanza anakuficha ukweli. Lakini usiishi katika mji mgeni kwa kutumia hewa ya kwenu. Mambo ambayo mwili wako umeyajua tangu utoto, yale ambayo huwezi hata kuyafikiria kabla ya kuyafanya, hayo ndiyo yatakayokupoteza, kwa sababu kwa hayo hutaona haja ya kuuliza mtu. Jifunze jina la anayeishi karibu nawe kabla hujahitaji msaada wake. Chakula akikuletea, onja. Ukishindwa, mwambie machoni kwamba umeshindwa, na bado umshukuru. Salimia hata kama unasema vibaya. Usingoje kwanza uupende mji ndipo uanze kuishi ndani yake. Inaweza kuchukua muda mrefu, na hapo katikati kuna maisha, kuna watoto.

Na kwako Cherono, kuhusu kunipikia. Tangu mama yenu aende, nyumba hii nami naijifunza. Wiki hii nilitafuta chumvi jikoni mpaka nikakata tamaa, nikavuka boma nikamuuliza mke wa jirani. Akaniambia mama yenu alikuwa akiiweka ndani ya mkebe wa majani chai, ili isilowe. Nilirudi nikaikuta. Nilikaa pale jikoni kidogo, kisha nikapika mboga yangu. Ilikuwa na chumvi nyingi, lakini niliila. Ninajua kuuliza, mtoto wangu. Usirudi kwa ajili yangu. Ukirudi, iwe ni kwa sababu kazi imeisha au moyo umekataa kabisa baada ya kujaribu, na mlango utaukuta wazi, hakuna atakayekucheka.

Mungu wa mama yako akulinde huko uliko. Akupe usingizi wakati wa joto, akupe watu wa kukucheka bila kukudharau, na ukiumwa asikuache peke yako ndani ya chumba. Mikono yako ipate kazi, na kazi ikulishe. Siku moja mtu mwingine atakuja hapo Mombasa akiwa mgeni kuliko wewe. Mungu akupe uvumilivu wa kumjibu.