Siga Kabla ya Posa

"Mkwe tunamwinamia, wewe unataka mpuliziane moshi?" shangazi alimuuliza kijana wake.

"Shangazi, yule mzee akimaliza kula huwasha siga yake na kumpa mgeni nyingine. Leo nikikohoa, atanipa binti kweli?"

Walikuwa wamesimama kula hapa Shelui, mgahawani ninapohudumia, na huko Kinampanda walikuwa wanasubiriwa kwa posa. Kijana alitafuna paja la kuku, akashushia soda, akawasha siga aliyokuja nayo kujifunzia, akavuta ile sigara nene na kumeza moshi wote. Jasho likamtoka. Nikamsogezea ndoo.

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini sijawahi kuona mtu akijisomea mtihani mpaka kutapika.

Shangazi alimfuta uso kwa kanga, akamshika mkono. Mlangoni akamwambia, "Akikupa, pokea kwa mikono miwili, weka mfukoni, halafu omba maziwa."