Askari wa Kihenge Alipoacha Kula

Asubuhi ile niliamka Singida mjini, nikafunga begi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikatoka. Sikuwa na ninakokwenda. Wewe unanijua: nikikaa mahali mpaka mbwa wa mtaa wakaacha kunibwekea, najua muda wangu umefika. Stendi nikakuta kenta linapeleka magunia matupu Mtinko. Dereva akasema mbele kuna nafasi, nikapanda.

Mtinko ilikuwa siku ya mnada. Katikati ya mbuzi na kuku, bwana mmoja alikuwa anauza ile mifuko ya kisasa ya kuhifadhia nafaka, na kipaza sauti chake hakikupumzika. "Mama, weka mtama wako humu, funga! Mdudu anakufa, panya hagusi! Paka mpe likizo!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, halafu nikajikuta nimesimama mbele yake muda mrefu, mimi nisiye na hata debe moja la mtama. Nilikuwa namkumbuka paka mmoja ambaye likizo hiyo asingeikubali.

Nililelewa Mungaa na bibi, mama yake mama, kwenye tembe la zamani, la paa la udongo, ambalo jioni lilinuka moshi na maziwa ya mgando. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kihenge, ghala letu la mtama: fito zilizosukwa duara, zikasiribwa kwa mavi ya ng'ombe, juu kuna mdomo ambao mtoto anapita. Kila mwaka kabla ya mavuno niliingizwa humo kufagia, na mpaka leo nikifumba macho naupata ule ubaridi wa ndani, kama wa mtungi. Mlinzi wa kihenge alikuwa paka jike wa kijivu, ambaye alikuwepo kabla mimi sijajua kutembea. Bibi alimwita Askari.

Kwetu paka wa kihenge alikuwa na sheria yake. Miezi ya kilimo, nafaka ikipungua na panya wakiadimika, alipewa maziwa na makoko ya ugali. Mavuno yakishaingia ndani, hapewi kitu. Bibi aligeuza bakuli lake kifudifudi na kusema, "Paka aliyeshiba ni mgeni wa panya." Askari akiona bakuli limegeuzwa, alinyoosha mgongo na kwenda kazini bila kinyongo.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, bakuli likageuzwa, lakini Askari hakwenda. Alilala kando ya jiko siku nzima. Mbavu zikaanza kuhesabika, na panya wakaanza kusikika kwenye kihenge, tena mchana.

"Anadeka," bibi akasema. "Mtu yeyote asimpe kitu, asije akamharibu."

Jirani yetu, mzee aliyesuka vihenge vya nusu ya kijiji, alikuja kusikiliza mwenyewe zile kelele. Akatikisa kichwa. "Mama, huyu amestaafu. Siku ya mnada nakuja na gunia, nikamwache ng'ambo ya mbuga." Kwetu paka hauawi, ni mkosi. Anapelekwa mbali na kuachwa. Bibi aliangalia moto, hakusema ndiyo wala hapana, na mimi nilijua maana ya kutosema hapana. Zilibaki siku nne.

Mwalimu wetu alikuwa akiniambia kwamba swali langu la kwanza huwa zuri, la kumi linamchosha. Basi maswali yangu yote nikayahamishia kwa Askari. Nikamfuata popote. Siku ya pili nikaona jambo: alikamata panya mdogo, akambana kwa makucha, akamtia mdomoni. Ghafla akalia, akaruka nyuma, akawa anajipangusa shavu kwa mguu. Panya akaenda zake.

Nikakimbia jikoni. "Bibi, Askari hajakataa kula! Chakula kinamuuma!"

"Umeanza. Kesho utaniambia kihenge kina homa."

Nikamshika mwenyewe. Alinichana mkono, alama ninayo hadi leo, lakini mdomo niliufungua. Jino moja la nyuma lilikuwa jeusi, ufizi umevimba kama punje ya hindi, na harufu yake sitaki kukueleza.

Siku iliyotangulia mnada, bwana mifugo alikuwa anakuja joshoni, ng'ombe wanakoogeshwa dawa. Sikwenda shule. Nilimviringisha Askari kwenye kitenge kikuukuu, kichwa tu kikabaki nje, nikapanga foleni pamoja na ng'ombe. Wachungaji walifurahi kweli.

"Binti, huyo naye ana kupe?"

"Mpisheni, mpisheni! Fahali la kwao hilo!"

Zamu yangu ilipofika, bwana mifugo alinitazama juu ya miwani. "Mimi nimesomea ng'ombe."

"Shikamoo. Kwani ng'ombe hawana meno?"

"Marahaba. Nani amekufundisha majibu hayo?" Lakini alikwishainama. Akachungulia, akaguna, akachukua koleo lake dogo. Jino lilitoka kama punje inavyotoka kwenye gunzi kavu. Akamchoma sindano, akanipa lile jino mkononi. "Mpe vitu laini, vya vuguvugu. Amekaa na njaa mno huyu. Kesho ikipita hajala, hatakula tena."

Jioni ile nilimpa maziwa kwa kidole, akageuza uso. Nikampa tena, akafumba macho. Bibi nilimwekea lile jino kiganjani, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa moto.

Asubuhi jirani akabisha hodi, gunia begani. "Mama, nimekuja kumchukua."

Sasa ujue kwamba bibi mwenyewe alikuwa na meno manne tu, na miaka mingi alikuwa ameishi kwa mlenda, mboga ambayo haimdai mtu meno. Alichota mlenda wa jana, akauchanganya na maziwa, akaupasha moto kidogo, akaujaribu kwa ncha ya ulimi. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mavuno yakiwa ndani: akalishika bakuli la Askari, akaligeuza likatazama juu.

"Mtama umejaa kihenge na wewe unalisha paka?" jirani akasema. "Panya watatucheka."

"Wacheke. Wewe jino likikuuma, unasuka?"

Mzee akakaa juu ya gunia lake. Tukangoja watatu. Askari alisogea, akanusa, akarudi nyuma. Akasogea tena. Ulimi ukatoka, ukagusa, ukarudi ndani. Halafu tukasikia ile sauti ndogo ya kulamba, moja, nyingine, mpaka ikawa haikatiki.

"Lo," jirani akasema. Akainuka, akakunja gunia lake, akaenda mnadani mikono mitupu.

Shuleni nilichapwa kwa kukosa siku ya josho, na mwalimu alikuwa na haki yake. Bibi hakuniomba radhi, mzee hamwombi mtoto radhi. Lakini Jumapili alichinja jogoo, akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu. Wajomba waliokuwepo walitazamana, kwa maana firigisi kwetu si nyama ya mtoto. Niliila polepole.

Askari alilinda mavuno mengine mawili. Shule mimi niliiacha darasa la sita, ila kuchungulia sijaacha.

Tembe lile limeanguka. Yule mzee alikufa bila kumwachia mtu ufundi wake, na siku hizi Mungaa mtama unakaa kwenye mifuko nyuma ya makochi. Bibi naye, miaka michache iliyopita, aliacha kula. Mama zangu wadogo walinipigia simu, nikasafiri siku mbili. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika kidevu.

"Usinichungulie mdomo," akasema, "mimi si paka. Safari hii si jino."

Nilichungulia hata hivyo. Alikuwa amesema kweli. Nilimlisha mlenda kwa kidole mpaka siku aliyofumba midomo, na sikumlazimisha tena. Nimezika watu na kuhama miji mingi, rafiki yangu, lakini hilo halinisumbui usingizini. Niliangalia kwanza, ndipo nikakubali.

Pale mnadani Mtinko nikampata mchuuzi wa kuku aliyekuwa anarudi Nduguti, mahali ambapo sijawahi kulala. Tuliingia jua likiwa bado juu, upepo unapeperusha vumbi barabarani. Nikaulizia chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu uani. Nilimkuta anapepeta.

"Shikamoo, mama. Natafuta pa kulala."

"Marahaba. Siku ngapi?"

"Bado sijui."

Akaniangalia, kuanzia viatu hadi usoni, bila haraka. "Umekula?"

Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. "Sijala."

"Basi chumba utakiona baadaye," akasema, akaweka ungo chini. "Kaa."