Mpelelezi wa Mapazia

Kabla hajaichunguza picha yoyote ya mtoto anayedhulumiwa, mpelelezi huyo hukata kipande cha karatasi akamfunika nacho mtoto aliyemo. "Huyu ameshatazamwa vya kutosha," husema, kisha huanza kuking'ang'ania kilichobaki: pazia, ufa wa ukutani, swichi iliyojificha kando ya kabati. Hata akialikwa kwa watu hupapasa mapazia kabla ya kusalimia, dada yake akabaki akiona haya mbele ya mashemeji.

Safari hii pazia la pichani lilikuwa na ndege waliochorwa kichwa chini, miguu juu. Aliipigia kampuni ambayo picha ilipita kwenye mtandao wake, akaomba anwani ya aliyeituma. Sauti laini ikamjibu, "Samahani afande, tunalinda faragha ya mteja."

"Na mtoto je? Yeye si mtu?"

Simu ikakatwa. Akaibeba picha ya pazia, akazunguka nayo kwa mafundi cherehani mtaa baada ya mtaa, hadi mmoja akainamisha uso: kitambaa alikikata kinyume yeye mwenyewe, na mteja akalipokea pazia hivyo hivyo. Nyumba aliijua, alishawahi kwenda kupima madirisha.

Mlango ulipovunjwa, mkono wa mpelelezi uliifikia swichi bila kupapasa. Msichana aliyejikunyata kitandani akamkodolea macho.

"Shangazi, ulishawahi kuja humu?"

"Kila siku, mwanangu."

"Sasa mbona hukunichukua?"

Mpelelezi akavua koti, akamfunika nalo. "Niliuliza njia, mama. Walioijua walikataa kunionyesha."