Chumvi ya Uvinza kwenye Uji wa Baba

Chumvi ya Uvinza, ile ya mawe, ina harufu yake. Msiniambie chumvi haina harufu. Gunia likifunguliwa asubuhi kabla jua halijalikausha, linanukia tope la mtoni na chuma kilichonyeshewa. Nikiisikia harufu hiyo sokoni hapa Mpanda huwa nasimama, naingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, na muuzaji ananitazama kwa jicho baya. Simlaumu. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku tangu utoto. Nikipewa tikitimaji la bure nalipigapiga kwanza, na mgeni akinisifia chakula changu nachungulia sahani yake nione kama kweli amekula. Ila nyie nitawaeleza, maana kuna mtu mmoja niliyemshuku kuliko wote, naye ni baba yangu mzazi.

Tulikuwa tunakaa Litapunga. Baba alikuwa mkulima wa mahindi, lakini mavuno yakishaingia ghalani alikuwa anafunga nyundo na tindo kwenye baiskeli, anakwenda machimbo ya dhahabu, mwendo wa nusu siku. Huko walikuwa wanachimba mashimo ya kushuka wima, wenyewe wanayaita maduara, na kuta zake wanazizuia kwa magogo yanayoitwa matimba. Walikuwa na desturi moja. Anayeshuka anavua ndala zake, anaziacha mdomoni mwa duara zikiwa zimegeukia upande wa kwao. Aliyebaki juu akizitazama anajua chini wako wangapi. Na ndala za mwenzako haziguswi, hata mvua inyeshe zielee, mpaka mwenyewe apande azivae.

Nilikuwa darasa la tatu ndala za baba zilipokuja nyumbani bila baba. Alizileta Baba Mkubwa, kaka yake, amezifunga kwenye kitambaa. Mvua isiyo ya msimu ilikuwa imenyesha, udongo ukalowa, matimba yakaachia, na duara likafukia watu watatu. Mama alizipokea akaziweka uvunguni mwa kitanda. Aliyesema ni Bibi, mama yake baba, Mkonongo wa Ugalla aliyekulia kwenye mizinga ya nyuki na asiyeogopa kuumwa na chochote.

"Nani kakutuma uguse ndala za mwanangu?" alimuuliza Baba Mkubwa. "Sasa akipanda atavaa nini?"

Wanaume wa Litapunga walikwenda kuchimba kwa kupokezana, ndoo kwa ndoo. Tuliambiwa walikuwa wanasimama kidogo, wanagonga mwamba kwa nyundo, halafu wote wananyamaza wategee sikio. Siku ya tatu hawakujibiwa. Siku ya tano hawakujibiwa. Siku ya sita Baba Mkubwa alikaa na wazee wa ukoo, wakaamua tuzike.

Kwetu mtu asipopatikana hazikwi hivihivi, shimo tupu. Unakatwa mgomba, shina lenye urefu wake, linavishwa sanda na kuzikwa mahali pake, ili roho isije ikatangatanga. Mgomba ulikatwa siku ya saba. Niliwaona wakibishana urefu, huyu anasema baba alimfika hapa begani, yule anasema hapana, sikioni. Katekista wetu hakuipenda desturi hiyo, ila alikubali kuja kusali, mradi asimame mbali kidogo na mgomba. Bibi alikaa mlangoni amewapa mgongo wote. Alisema mwanawe hajamuaga, na hakuna mtoto anayekufa bila kumuaga mama yake, hata ndotoni.

Sasa nilikuwa na rafiki, Tausi, mtoto wa jirani, ambaye alikuwa mbele yangu darasa moja na kwa hiyo alijua kila kitu. Alinivuta nyuma ya ghala.

"Skola, ni kweli nyie mnazika mgomba?"

"Ndiyo."

"Basi mmekwisha. Si ndiyo wachawi wanavyofanya? Watu wanazika mgomba wakidhani ni mtu, kumbe mwenyewe kachukuliwa msukule, yuko kwa watu analimishwa mashamba."

Nilimuuliza msukule anajulikanaje. Tausi alikuwa na majibu tayari, kama mtu aliyewafuga. Msukule hukatwa ulimi asiseme. Anaogopa mwanga. Hata majina ya watoto wake hayajui. Na halishwi chumvi kamwe, kwa sababu akilamba chumvi tu, akili inamrudia, anajua kwamba ameshazikwa, na anarudi kaburini kwake palepale. Nilirudi msibani na maneno hayo tumboni, nikaukodolea mgomba macho.

Siku ya nane kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, watu wamejaa uani, tuliposikia pikipiki inapiga honi kutoka barabarani, imefungwa majani mabichi mbele. Akina mama wakajua mwili umepatikana unaletwa, wakaangua kilio kimoja kilichotimua kuku. Kijana aliyekuwa anaiendesha akawa anapunga mkono, anafungua mdomo, hasikiki. Ilibidi apande juu ya kinu cha Bibi.

"Nyamazeni jamani, wazima. Wote watatu wazima, wametolewa alfajiri."

Halafu mama yangu aliingia ndani mbio, akatambaa uvunguni, akatoka na ndala za baba mkononi na utando wa buibui kichwani, akapita katikati ya watu akishika njia ya machimboni kwa miguu. Walimkamata karibu na shule. Vigelegele vilitoka kwenye makoo yaliyokuwa yamekauka kwa kulia, vikawa kama mlango mbovu, na sijasikia tena vigelegele vitamu kama vile. Tulielezwa kwamba walikuwa wamejibana kwenye kichochoro cha pembeni ambako matimba yalishika, wakawa wanalamba maji yanayochuruzika kwenye mwamba. Watu walikumbatiana, waliolia walicheka. Baba Mkubwa alibaki amesimama na ile sanda, hajui aiweke wapi. Bibi alichukua jembe, akaanza kufukia kaburi mwenyewe, na mgomba ukakatwakatwa wakapewa mbuzi.

Nilifurahi, sikatai. Niliruka mpaka gauni likachanika. Lakini katikati ya kuruka nilimwona Tausi kule kwenye uzio amekunja mikono, anatikisa kichwa taratibu kama daktari.

Baba alikaa hospitali ya mjini siku nne. Walipomleta, alishuka kwenye gari amevaa miwani nyeusi. Alikuwa amekonda, ngozi ina rangi ya majivu, anatembea kama anayepapasa sakafu. Mama alimwekea ndala zake miguuni, na ndala zikakataa kuingia. Miguu ilikuwa imevimba, ndivyo wakubwa walivyosema. Mimi nilisema moyoni, huyu miguu yake ni mingine.

Alipita mbele yangu. Nilisubiri aniite, maana baba alikuwa hanipiti bila kunivuta sikio. Alinitazama kupitia ile miwani, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Aliingia chumba cha ndani, wakamfungia dirisha kwa kanga kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza. Nikahesabu: miguu, sauti, mwanga. Halafu Bibi akampikia uji, akautia maji mengi, na nilipomsogezea kopo la chumvi akanipiga kibao cha mkono.

"Asile chumvi," alisema. "Tumbo lake sasa ni la mtoto mchanga."

Jamani, ningefanya nini mimi? Lisemwalo lipo.

Na msidhani nilikuwa peke yangu. Wageni walikuja kumpa pole huku macho yao yakimpima. Mama mmoja wa jumuiya alimwomba atoke nje kidogo, apigwe na jua, nikajua anataka kuona kama ana kivuli. Baba Mkubwa alikaa naye akamuuliza, eti kwa mzaha, ng'ombe wetu aliyeuzwa mwaka juzi alikuwa na baka upande gani. Baba aligeukia ukutani. Mama alikuwa anamhudumia vizuri, anamwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, lakini rozari yake iliyokuwa ikikaa msumarini siku zile ilihamia shingoni. Nyumba nzima ilikuwa inamchekea baba na kumchungulia.

Siku ya tatu tangu arudi, Tausi aliniambia la kufanya. Mtie chumvi.

Hapo ndipo nilipoteseka. Kama ni baba, chumvi haitamfanya kitu, na mimi nitampata baba yangu. Lakini kama ni msukule, akishaonja tu atainuka aende zake kaburini, na nitakuwa nimemfukuza mwenyewe kwa mkono wangu. Nilijiuliza, si bora nikae naye hivihivi, hata kama ni msukule? Atakaa chumba cha ndani, nitampelekea uji, nitamzoea. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nachagua kati ya nusu ya baba na kukosa baba kabisa. Siku mbili sikula vizuri. Bibi akadhani nina minyoo.

Mchana wa ile siku ya pili, Mama akiwa kisimani, Bibi alinipa bakuli la uji nimpelekee. Nilipita jikoni. Kopo la chumvi lilikuwa lilelile la mafuta ya kupikia, mdomo umeliwa na kutu. Nilichota ngumi nzima ya chumvi ya Uvinza. Si kijiko, ngumi. Niliona kama ni lazima kumpima, basi nimpime mara moja tu. Nilikoroga mpaka mawe yakaisha kulia kwenye bakuli, nikaingia.

Nilimpa, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikiwa tayari kumshika akiinuka, ingawa sijui ningemshikaje. Akanywa funda la kwanza. Akasimamisha bakuli. Uso wote ulijikunja, koo likapanda na kukataa kushuka. Halafu akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, yanachuruzika, na yalinitazama usoni, yakashuka mpaka kwenye mkono wangu wa kulia, ambako punje nyeupe zilikuwa bado zimeng'ang'ania katikati ya vidole. Niliuficha nyuma nikiwa nimechelewa.

Aliinua bakuli tena, akanywa. Alikunywa polepole, hajaniondolea macho, funda baada ya funda, na machozi yakawa yanadondokea mlemle kwenye uji kuuongezea chumvi. Alimaliza. Akapangusa bakuli kwa kidole, akakilamba. Halafu, mtu mzima yule, mchimbaji, alifungua mdomo akatoa ulimi wote nje akanionyesha, kama mtoto anayeonyesha kwamba dawa kameza.

Ulimi ulikuwepo. Mzima, mweupe kwa uji.

"Skola," alisema, kwa sauti ya mchanga unaokwanguliwa. "Niletee maji."

Nilileta mtungi, kata nikaisahau. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Bibi alikuja mbio kwa kelele za kutapika, akachovya kidole kwenye mabaki ya bakuli, akaruka. "Nani kaweka bahari humu ndani?" Baba alinyoosha mkono akanivuta sikio, palepale alipozoea.

"Nimeweka mimi, mama," alisema. "Nilikuwa na hamu."

Miaka mingi niliamini kwamba siku ile mimi ndiye niliyekuwa nampima baba, naye akakubali kupimwa kwa upendo tu. Nilifurahia kuamini hivyo. Ni juzijuzi, nimeshakuwa mama wa watoto wakubwa, tukiwa tunapukuchua mahindi pale pale Litapunga, nilipomuungamia baba habari za Tausi na ile ngumi. Nilitegemea acheke. Aliendelea kupukuchua.

"Mle chini tulikuwa tunaulizana majina ya watoto," alisema. "Akinyamaza mwenzako unamuuliza, wanao wanaitwa nani? Akijibu, yupo. Siku za mwisho niliulizwa nikashindwa kukumbuka jina lako. Halafu nikaletwa hapa, nikakuta kaburi langu limefukiwa juzi, mbuzi walishatafuna mgomba wangu, mke wangu kavaa rozari, kaka yangu ananiuliza habari za ng'ombe. Na uji hauna chumvi. Mimi mtu wa hukuhuku, Skola. Unadhani hayo ya msukule alikuwa anayajua Tausi peke yake?"

Niliacha kupukuchua mimi sasa.

"Nilikuwa naogopa kuomba chumvi," alisema. "Nilikuwa sijui itakuwaje."

Kumbe tulikuwa watu wawili mle chumbani, kila mmoja anamshuku mtu yuleyule. Naye, asiyejua kama funda la pili atalimeza akiwa hai, aliendelea kunywa kwa sababu mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni anasubiri jibu.

Nikienda kumtembelea huwa nampelekea mfuko wa ile ya mawe, ingawa dukani kwao ipo ya unga. Tukikaa mezani, kabla ya kunawa, baba huchukua punje moja, huiweka ulimini, hunitazama, na kuniita jina langu. Ndipo tunakula.