Sauti ya Mourine

Zablon Gisiri wa Migori alikuwa na kamera ya video ya kubeba begani tangu mwaka 1993, na kwa miaka mitatu mizima alirekodi harusi ambazo maharusi wake hawakusikika hata neno. Wala hakuwa mzembe. Maiki ya kamera ilishika kilichokuwa karibu nayo tu: mtoto akikohoa, wanawake wakiulizana nani kapika, na kule Homa Bay, upepo wa ziwa mwanzo wa mkanda mpaka mwisho. Tena huku kwetu bibi arusi huapa kwa kunong'ona, macho chini, maana akipaza sauti watasema alikuwa na haraka ya kuolewa.

Basi mwaka 1996 Zablon akaagiza kutoka Nairobi maiki isiyo na waya. Ilikuja vipande viwili. Kimoja kilikuwa kijisanduku cha kutia mfukoni, chenye maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Hicho ndicho kilichorusha sauti. Cha pili kilikuwa cha kuipokea, na Zablon alikifunga ubavuni mwa kamera kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha akachomeka waya wake kwenye tundu la maiki. Aliijaribu kwa mkewe Nyatichi. Alimbana maiki, akamtuma kwa jirani, naye akabaki mlangoni amevaa hedifoni, akamsikia waziwazi akimwambia jirani kwamba mume wake amerukwa na akili. Alifurahi hata akasahau kukasirika.

Jambo moja tu lilimsumbua. Ukishachomeka waya ule, maiki ya kamera yenyewe hunyamaza, kwa hiyo kijisanduku kisipofanya kazi hakuna cha kukisaidia.

Mwaka huohuo aliitwa kurekodi harusi ya Boaz na Mourine, Rodi Kopany, kwao Boaz. Siku chache kabla ya harusi mama yake Mourine, Phelesia, alimwita nyumbani kwake Karungu. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa, na harusini hakuwa anakwenda, kwa kuwa mama wa zamani kama yeye hakanyagi ovyo upande wa mkwewe.

"Picha mtaangalia nyinyi," alimwambia. "Mimi niletee sauti ya Mourine akikubali. Anaenda kukaa Musoma na bwanake. Sijui nitamsikia tena lini."

"Nitaleta, Mama," Zablon akasema. Akarudi Migori amebeba ahadi hiyo kama mayai.

Siku ya harusi, kwa kuwa gauni la bibi arusi halina mfuko, alitia kijisanduku katika koti la Boaz na kubana maiki kifuani pake. Mourine angesimama karibu naye, na hata mnong'ono ungeshikwa. Alijaribu, sauti ikaja safi. Akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akatulia.

Hakuwakumbuka mashangazi. Kabla tu ya kiapo, kwaya ikaanza, na shangazi yake Boaz, Priscilla, akaja akicheza na wenzake, kila mmoja na shada la karatasi za kumetameta. Walimvisha bwana arusi moja, wakamvisha la pili, mpaka akafunikwa hadi kidevuni. Masikioni mwa Zablon ikawa mvua ya mawe juu ya mabati. Boaz akipumua tu, kelele. Mchungaji alifungua kitabu, Mourine akafungua mdomo, na Zablon hakusikia kitu.

Angeweza kuchomoa waya airudie maiki ya kamera, lakini kwa umbali ule angepata midomo tu, na mama yule hakuwa na haja ya midomo. Zablon ni mtu wa haya. Hata kuomba chumvi kwa watu humpa taabu. Alivua hedifoni, akatembea mpaka mbele ya kanisa lililojaa, akaanza kumvua bwana arusi mashada.

"Wewe Gisiri! Kwani ni wivu?" Priscilla akafoka, na kanisa likacheka.

"Pastor, pole sana," Zablon akasema. "Sauti haishiki. Mamake bibi arusi haoni. Hii kitu ataisikia na masikio peke yake. Naomba warudie."

Kicheko kilikatika. Mchungaji alirudi mwanzo wa ukurasa.

Zablon alikimbilia kamera yake, akavaa hedifoni. Aliyoyasikia aliyaweka moyoni siku tatu, mpaka alipofika Karungu na kamera begani. Hakuhitaji televisheni. Alimvalisha Phelesia hedifoni, akabonyeza, akakaa chini kungoja. Ndugu na majirani waliojaa sebuleni hawakusikia lolote. Waliutazama uso wa mama tu.

Aliisikia kwaya, akatikisa kichwa. Akasikia vurugu, akakunja uso. Kisha kikafika kile asichokifanya bibi arusi wa huku: Mourine, ameinamia kifua cha mumewe karibu na maiki, anasema kwa sauti kubwa, "Mama, nimekubali. Unanisikia?"

Phelesia alishika hedifoni kwa mikono miwili. Akajibu kwa kelele, kama afanyavyo kila mtu aliyezibwa masikio, na nadhani walimsikia mpaka ufukweni mwa ziwa.

"Nakusikia, nyara, binti yangu! Nakusikia!"