Niliomba BNP ya mama ishuke, iliposhuka akaondoka

Wakuu, heshima kwenu. Hii haikumtokea jirani wala rafiki wa rafiki. Imetokea kwangu, hapa mjini, mtaa wa Sakina.

Yeyo, yaani mama yangu, anaishi magharibi ya Mlima Meru. Mtu wa ng'ombe na mahindi. Alikuja kwangu kutembea, akanenepa.

Ndugu wakamsifia, "Mjini pamekukubali!" Na mimi nikajiona kidume, namlisha mama vizuri.

Kumbe maji. Mguu ukiubonyeza shimo linabaki, akitembea kidogo pumzi inakata.

Hospitali wakasema ni heart failure ya muda mrefu, yaani moyo umechoka kusukuma damu. Wakampima damu kuangalia kitu kinaitwa BNP. Daktari alituelewesha kwamba moyo ukielemewa unaimwaga kwa wingi kwenye damu. Wanaisoma pamoja na echo, kile kipimo cha picha ya moyo, na hali ya mgonjwa, sio peke yake.

Yake ilikuwa juu sana.

Yeyo akauliza swali moja tu: "Daktari, kwangu narudi lini?"

"Tuone hii ikishuka, mama."

Basi, dawa hakosi. Chumvi kaacha mwenyewe, na alivyo mtu wa supu!

Kila asubuhi anaweka kiti getini, anautazama mlima. "Leo kwangu kumenyesha," anasema, halafu anampigia dada yangu aliyebaki kule kuuliza kama Sambu, ng'ombe wake, kalala pakavu.

Nilikuwa naomba Mungu ishuke. Ila wakuu, nisiwafiche, nilishanogewa. Narudi kazini nakuta chai kwenye chupa na swali, "Umechelewa, ulikuwa wapi?" Nina mvi na watoto, bado naulizwa nilikuwa wapi. Raha sana.

Juzijuzi majibu yametoka. Imeshuka vizuri, miguu imekauka. Daktari karuhusu, ila dawa zinaendelea na kliniki asikose.

Yeyo alifunga shuka zake kabla sijamaliza kumshukuru Mungu.

Nyumba imepoa. Nina hamu naye mpaka naona aibu. Asubuhi nikiona wingu mlimani napiga simu: "Yeyo shikamoo, kumenyesha?"

"Marahaba. Umekula?"

Nilichojifunza: mzazi akinenepa ghafla na miguu ikavimba, msimsifie. Mpelekeni apimwe.

Na nyie wenye wazazi mbali, hii hali mnaizoeaje? Shusheni maoni. Mimi kile kiti cha getini bado sijakiingiza ndani.