Jiwe la Mayu na Tela la Kuazima

Mimi ni mtu wa kusoma maandishi madogo. Ya kwenye dawa nasoma, ya kwenye risiti nasoma, na siku nilipoazima tela la kumhamisha mama yangu, mayu kama tunavyosema kwetu, kutoka Mwandoya kuja kwangu Bariadi, nilisoma hata kibati kilichopigiliwa karibu na ndoano: mzigo usizidi kilo mia tano. Fundi aliyeniazima akaongeza la kwake. Vizito vikae mbele. Ukivirundika mkiani, tela litayumba na kulivuta gari huku na huku. Nikamjibu kwamba nimeanza kuendesha yeye akiwa bado shule.

Baba alikuwa amefariki, na mama alikaa mwaka mzima akikataa kuhama. Siku aliyokubali aliomba kitu kimoja tu: jiwe lake la kusagia, alilokabidhiwa na mama mkwe wake alipoolewa katika kaya ile. Nikamwahidi tutaondoka nalo.

Asubuhi ya kuhama nikaazima mizani ya kupimia pamba, nikaining'iniza kwenye boriti, nikapima kila kitu: masanduku, vyombo, mtama, mbao za kitanda. Hesabu niliiandika kiganjani. Jiwe lilipofikiwa, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kilo kumi, nalo lilivuta arobaini na ushee. Nilikasirika kana kwamba jiwe ndilo limenikosea. Nikasema mjini mashine ziko kila mtaa, hilo libaki. Mama aliinama. Alilifuta vumbi kwa pembe ya kitenge chake, akaenda kukaa ndani ya gari.

Ndipo majirani wakaanza kuja kumuaga. Kwetu anayehama haachwi aondoke mikono mitupu: huyu kaja na debe la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, yule na maboga, mwingine karanga, mwingine jogoo aliyefungwa miguu. Mizani ilikuwa inaning'inia palepale, lakini nani atapima zawadi mbele ya aliyeileta? Hilo ni tusi. Hata mimi, bingwa wa vibati, nilifyata. Turubai lilikuwa limeshafungwa, kwa hiyo kila kilichokuja nilikisukumia nyuma, kulekule mkiani nilikokatazwa.

Mteremko wa kwanza tu, tela likaanza kukata kiuno. Usukani ukawa mwepesi mikononi, tukavutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili. Niliachia mafuta taratibu mpaka tukasimama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani.

"Vya watu usivimwage njiani," mama akasema. "Wamenipa kwa moyo."

Nilishuka nikafungua turubai nitafute cha kupunguza. Mbele kabisa, chini ya kila kitu, palikuwa na magunia yangu mawili ya choroko. Nilikuwa nimeyanunua jana yake kwa ajili ya nyumbani kwangu, nikayapima kabla ya kitu chochote cha mama, na nilipolikataa jiwe kwa ukali wote ule sikuyakumbuka hata mara moja. Karibu nusu ya mzigo wa kumhamisha mama ulikuwa wangu.

Yeye alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu.

"Hayo niliyaona tangu asubuhi," akasema kwa upole. "Nikasema moyoni, labda ndiyo uliyoyafuata."

Niliyashusha kwenye kaya iliyokuwa kando ya barabara, nikawaomba wenyeji wanitunzie, nikapanga upya zawadi zote zikae mbele. Kisha nikageuza gari kuelekea tulikotoka. Mama akauliza tumesahau nini.

"Jiwe lako, mayu," nikamwambia, macho yangu yakiwa barabarani, maana usoni nilishindwa kumtazama.